Cheti cha Mtawala na Elimu ya Raia: Suala la Kisomo cha Viongozi katika Kusadikika, Shamba la Wanyama na Kidagaa Kimemwozea

Utangulizi

Suala la kisomo cha kiongozi wa kisiasa limezua mjadala mrefu nchini Kenya tangu kupitishwa kwa Katiba ya mwaka 2010. Wapo wanaodai kwamba asiye na shahada ya chuo kikuu hawezi kutunga sheria wala kusimamia hazina ya umma. Wapo pia wanaoshikilia kwamba uongozi ni kipawa, na kwamba si haki mpiga kura kuteuliwa wa kumchagua. Mjadala huo umeendeshwa bungeni, mahakamani na magazetini. Fasihi ya Kiswahili haijaitwa kutoa ushahidi, ingawa imekuwa ikilitafakari suala hilo tangu kabla ya uhuru.

Sababu mojawapo ya kupuuzwa huko ni namna fasihi inavyosomeshwa. Miongozo ya shule huiorodhesha elimu kuwa dhamira moja na uongozi kuwa dhamira nyingine, kila moja na mifano yake, kana kwamba hazikutani. Mwanafunzi hutoka darasani akijua kuwa elimu ni jambo jema na kuwa uongozi wa kidhalimu ni jambo baya, wala hajapata kuulizwa kama mambo hayo mawili yanahusiana.

Makala haya yanadhamiria kuyakutanisha kwa kuchunguza kazi tatu: Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), Shamba la Wanyama, ambayo ni tafsiri ya Fortunatus Kawegere (1967) ya riwaya ya George Orwell, na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012). Kazi hizi zimeteuliwa kwa kuwa kila moja inauweka utawala na elimu katika uhusiano wa namna yake. Katika ya kwanza, elimu inashtakiwa na utawala. Katika ya pili, elimu inageuka kuwa utawala wenyewe. Katika ya tatu, elimu inaghushiwa ndani ya ukoo wa watawala. Hoja itakayotetewa ni kwamba watunzi hawa hawakatai umuhimu wa elimu kwa kiongozi, lakini wanaonyesha kuwa elimu hiyo haimfai kitu raia asiyeweza kuihoji. Swali la msingi basi si mtawala amesoma kiasi gani, bali ni nani anayemtahini.

Shahada na ushahidi

Kabla ya kuzitazama kazi zenyewe, ni vyema kueleza kwa muhtasari sheria inavyosema. Katiba iliyotumika Kenya kabla ya mwaka 2010 haikumdai mbunge cheti chochote cha shule. Ilimtaka awe na uwezo wa kuzungumza Kiswahili na Kiingereza na, pasipokuwa na kizuizi cha upofu au udhaifu mwingine wa mwili, kuzisoma lugha hizo kwa kiwango cha kumwezesha kushiriki shughuli za bunge. Tanzania, kwa Katiba yake ya mwaka 1977, iliweka sharti la kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Uganda, kwa Katiba ya mwaka 1995, ilimtaka mbunge awe amemaliza kidato cha sita au masomo ya kiwango hicho.

Sheria ya Uchaguzi ya Kenya ya mwaka 2011 ilikwenda mbali zaidi. Ilimtaka mgombea wa urais au ugavana, pamoja na naibu wake, awe na shahada ya chuo kikuu kinachotambuliwa, na wagombea wengine wawe na masomo ya baada ya shule ya sekondari. Sharti hili la pili lilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2012. Mwaka 2017 sheria ilirekebishwa ili kumtaka mbunge naye awe na shahada kuanzia uchaguzi wa mwaka 2022. Marekebisho hayo pia yalitanguliwa na Mahakama Kuu, kwanza kuhusu wawakilishi wa wadi mwaka 2021, kisha kuhusu wabunge mwaka 2022. Katika uchaguzi wa mwaka 2022, sharti la shahada lilisalia kwa rais, gavana na manaibu wao. Msimu huo huo ulishuhudia kesi na malalamiko kuhusu uhalali wa vyeti vya baadhi ya wagombea.

Historia hii fupi ina funzo la kilugha. Sharti la zamani lilihusu uwezo ambao mtu yeyote aliyeketi mkutanoni angeweza kuupima kwa masikio yake. Mgombea alisimama, akasema, na wasikilizaji wakajua kama anaijua lugha au haijui. Sharti jipya linahusu karatasi ambayo wapimaji wake ni ofisi: chuo kilichoitoa, tume ya vyuo vikuu inayoitambua, tume ya uchaguzi inayoipokea. Mpiga kura ameondolewa katika chumba cha mtihani. Neno shahada lenyewe lina asili moja na shahidi na ushahidi. Shahada ni ushuhuda kwamba fulani ana elimu fulani. Lakini desturi ya baraza lolote ni kuwa shahidi huhojiwa, na ushahidi usiohojiwa haumalizi shauri. Suala hili la kuhoji ndilo linaloziunganisha kazi tatu zinazojadiliwa hapa.

Kusadikika: Elimu kizimbani

Kusadikika ni nchi iliyo angani. Karama, raia wa nchi hiyo, anafikishwa mbele ya mfalme na baraza lake kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Mshtaki wake ni Majivuno, waziri mwenye nguvu kuliko wote. Kwa muda wa siku sita Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kwenda kutafuta mambo mema katika nchi nyingine, wakarudi na maarifa, wakatupwa gerezani. Mwishowe mfalme anaamua Karama aachiliwe pamoja na waliofungwa kabla yake.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni aina ya elimu inayoshtakiwa. Karama hashtakiwi kwa kuwa na elimu, wala hadai kwamba elimu yake inampa haki ya kutawala. Anashtakiwa kwa sababu anataka kuieneza elimu ya sheria miongoni mwa watu. Majivuno anafahamu vizuri kwamba msomi mmoja hamtishi waziri; msomi huweza kununuliwa, kupewa cheo au kufungwa. Kinachotisha ni umma unaojua sheria inasema nini. Kwa hiyo Shaaban Robert analiweka suala la elimu na utawala mahali ambapo sheria za uchaguzi hazikulifikiria: katika kisomo cha mtawaliwa.

Jambo la pili ni majina ya wajumbe. Wahakiki wamezoea kusema kuwa Shaaban Robert huwapa wahusika majina ya kitabia, na wakiishia hapo huwa wamesema nusu tu. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini ni majina ya sifa: uthibitisho, wema, ukubali, msaada, hiari na uaminifu. Yakipangwa pamoja yanakuwa orodha kamili ya yale ambayo raia angeweza kumdai mtu anayeomba kumwongoza. Elimu imo katika orodha hiyo, lakini imo kwa sura ya Buruhani, yaani hoja iliyothibitishwa mbele za watu, si kwa sura ya cheti kilichofungwa sandukuni. Aidha, wajumbe hao hawakupata maarifa yao kwa kukaa mahali pamoja. Waliyapata kwa safari na mashaka, na kipimo cha maarifa hayo kilikuwa manufaa yake kwa nchi waliyoiacha nyuma.

Jambo la tatu ni mfalme mwenyewe. Riwaya haimsawiri kuwa mwanachuoni. Ubora wake pekee ni kwamba kwa siku sita anamsikiliza mtu aliyeshtakiwa na waziri wake, kisha anabadili mwendo. Je, huo si usomi? Mtu akiifasili elimu kuwa uwezo wa kupokea hoja asiyokuwa nayo jana, basi mfalme wa Kusadikika anafuzu, na Majivuno, ambaye ni hodari wa maneno kuliko wengi barazani, anashindwa.

Ni kweli kwamba suluhisho hili lina udhaifu. Uhuru wa Karama unategemea hisani ya mfalme. Kama mfalme angechoka siku ya tatu, hakuna chombo chochote ambacho kingemzuia kutoa hukumu. Shaaban Robert aliandika chini ya utawala wa kikoloni, na alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi bila ya kupata kusoma chuo kikuu. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2011 asingeruhusiwa kugombea ugavana. Aliijua nguvu ya neno mbele ya bwana anayesikiliza, lakini hakupewa nafasi ya kuona raia wakimuuliza bwana huyo maswali kwa haki yao.

Shamba la Wanyama: Kisomo cha wachache

Kusadikika inamwonyesha mtawala anayeiogopa elimu. Shamba la Wanyama inamwonyesha mtawala anayeihodhi. Tafsiri ya Kawegere imesomwa katika shule za Afrika Mashariki kwa miongo mingi, na aghalabu huhakikiwa kama istiara ya mapinduzi ya Urusi au ya viongozi waliowasaliti wananchi baada ya uhuru. Usomaji huo ni sahihi, ila huficha jambo moja lililo wazi katika matini: nguruwe ndio wasomi wa shamba.

Uongozi wa nguruwe haukuanza kwa mabavu. Ulianza kwa kisomo. Wao ndio waliojifunza kusoma na kuandika kwa kutumia kitabu cha zamani cha watoto. Wao ndio walioandika amri saba ukutani. Wanyama wengine waliwakubali kuwa viongozi kwa sababu hiyo hiyo: walionekana kuwa na akili kuliko wengine. Kwa maneno mengine, shamba hilo lilitimiza kikamilifu matakwa ya wale wanaotaka uongozi uwe wa wasomi pekee.

Matokeo yake yanajulikana. Maziwa na matofaa yalipoanza kutengwa kwa ajili ya nguruwe, sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba kazi yao ni ya akili na akili inahitaji chakula hicho. Hii ndiyo mara ya kwanza kisomo kugeuzwa kuwa hoja ya upendeleo, nayo inatokea mapema, kabla ya mbwa na kabla ya damu. Baadaye amri za ukutani zinabadilishwa moja baada ya nyingine, na zinaweza kubadilishwa kwa kuwa wengi hawawezi kuzisoma. Farasi mwenye nguvu kuliko wote hakupita herufi ya nne ya alfabeti. Mwenzake wa kike alizijua herufi zote lakini hakuweza kuziunganisha zikawa neno. Kondoo walifupishiwa sheria nzima ikawa kaulimbiu moja ya kuimba. Aliyeshuku kwamba amri imebadilishwa alilazimika kumtafuta mbuzi amsomee, na mbuzi alimsomea yale yaliyokuwapo ukutani siku hiyo.

Uhakiki hauna budi kumtazama kwa makini mhusika mmoja zaidi, naye ni punda. Punda anajua kusoma kama nguruwe yeyote. Anaiona hila tangu mwanzo. Hata hivyo hasomi, kwa maelezo kwamba hakuna kitu kinachostahili kusomwa. Anaitumia elimu yake kwa haraka siku ambayo rafiki yake farasi anachukuliwa na gari, naye anayasoma maandishi yaliyo ubavuni mwa gari hilo na kuwaeleza wenzake kwamba ni gari la mchinjaji. Wakati huo farasi amekwisha kufungiwa ndani. Msiba wa punda si ujinga. Ni elimu iliyochelewa kutamkwa.

Kwa mintarafu ya mada hii, punda ni mhusika mzito kuliko nguruwe. Nguruwe anathibitisha kwamba msomi anaweza kuwa dhalimu, jambo ambalo halimshangazi mtu yeyote. Punda anathibitisha kwamba shamba linaweza kuwa na msomi mwema na bado likaangamia, iwapo msomi huyo ameamua kwamba ukuta wa amri haumhusu. Waswahili husema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hii huelekezwa kwa mwanafunzi mvivu. Hapa inamfaa zaidi msomi mnyamavu.

Kidagaa Kimemwozea: Nasaba, hati na jina la mwandishi

Riwaya ya Walibora inalirudisha suala hili katika taifa la Kiafrika lililokwisha kupata uhuru. Sokomoko inatawaliwa na Mtemi Nasaba Bora, ambaye jina lake linaeleza sifa yake ya kugombea: ukoo. Ndugu yake, Mwalimu Majisifu, ndiye msomi wa ukoo huo. Anasifiwa kuwa mwandishi mashuhuri, nao mswada uliomletea sifa ni wa kijana Amani, ambaye sasa anachunga ng'ombe wa Mtemi. Siku Majisifu anapoalikwa kutoa mhadhara katika chuo kikuu cha nchi ya ng'ambo, anashindwa, kwa kuwa hana la kusema.

Ndugu hawa wawili aghalabu huchambuliwa kila mmoja peke yake: Mtemi chini ya uongozi mbaya, Majisifu chini ya ulevi na wizi wa kitaaluma. Wakichambuliwa pamoja wanaonekana kutenda kosa moja. Mtemi amejipatia shamba la ukoo wa Amani kwa hati bandia. Majisifu amejipatia kitabu cha Amani kwa kuweka jina lake kwenye jalada. Wote wawili wanategemea karatasi inayosema uongo na jamii isiyo na njia ya kuihoji. Aliyedhulumiwa pia ni mmoja. Walibora, ambaye alikuwa mwandishi na mwanachuoni, hakuiweka hila ya hati ya shamba karibu na hila ya jina la mwandishi kwa bahati. Anamwonyesha msomaji kwamba cheti cha elimu na hati ya ardhi vinaweza kughushiwa kwa kalamu moja, na katika nyumba moja.

Zaidi ya hayo, riwaya inaonyesha vizuri mahali uongo huo unapofichuka. Majisifu haumbuliwi na ofisi iliyokagua vyeti vyake. Anaumbuka anapotakiwa kusimama mbele ya wasikilizaji na kuzungumza juu ya kitabu anachodai kuwa chake. Huu ndio ule mtihani wa zamani wa masikio uliotajwa hapo juu. Sokomoko walimsifu kwa miaka mingi kwa sababu hawakuwahi kumuuliza; wageni walimuuliza siku moja, na siku hiyo ilitosha.

Hata hivyo, Kidagaa Kimemwozea haikosi kasoro katika namna inavyosuluhisha mgogoro wake. Mabadiliko Sokomoko yanategemea sana Madhubuti, mwana wa Mtemi aliyesomea Urusi, ambaye anakataa kutumia cheo cha baba yake na anashirikiana na Amani kufichua udanganyifu. Madhubuti ni mhusika wa kupendeza, lakini ana vitu viwili ambavyo riwaya yenyewe imekuwa ikivikosoa: nasaba na shahada ya ng'ambo. Msomaji anaweza kuuliza kama raia wa kawaida wa Sokomoko, asiyekuwa mwana wa mtemi wala mhitimu wa chuo cha mbali, ana nafasi gani katika ukombozi wake mwenyewe. Jibu la riwaya ni hafifu. Raia anashangilia, hahoji.

Kasoro hii si ya Walibora pekee. Karama pia ni mwalimu anayewasemea watu ambao wenyewe hawapewi siku hata moja kati ya zile sita. Sehemu kubwa ya fasihi andishi ya Kiswahili imetungwa na walimu, makarani na wahadhiri, na si ajabu kwamba shujaa wake mara nyingi ni mtu aliyesoma. Fasihi inayolalamika kwamba watawala wanadharau elimu inaweza yenyewe, bila kukusudia, kuwadharau wasiokuwa na elimu. Anayedai kuwa bunge lijazwe wenye shahada anaweza kupata faraja katika kazi hizi kwa sababu hiyo. Lakini atakuwa ameusoma mwisho wa hadithi na kuuacha mwili wake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kazi tatu zilizoteuliwa zinalijibu kwa namna moja swali la kisomo cha kiongozi, licha ya kutofautiana kwa mazingira na nyakati. Zote zinauthamini usomi. Hakuna hata moja inayoupongeza ujinga au kumpendekeza mtu asiyejua kusoma kwa kuwa tu ni mwenzetu. Nchi yenye bajeti, mikataba na mikopo haiwezi kuongozwa na mtu asiyeelewa anachotia saini, na wanaodai elimu kwa viongozi wana hoja ambayo haistahili kubezwa.

Hata hivyo kila kazi inaonyesha kwamba cheti, kikiachwa peke yake, hukaa upande wa mwenye mamlaka. Majivuno hakukosa ufasaha. Nguruwe hawakukosa kisomo. Majisifu hakukosa jina jaladani. Kilichokosekana kila mara ni raia mwenye uwezo na nafasi ya kusoma ukutani kumeandikwa nini na kuuliza kumebadilishwa na nani. Kwa hiyo sheria inayomdai gavana shahada na ikamwacha mpiga kura bila nakala ya sheria hiyo katika lugha anayoielewa imeanzia juu kazi iliyotakiwa kuanzia chini. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Kadiri miswada, bajeti za kaunti na hukumu za mahakama zinavyoendelea kutolewa kwa Kiingereza zaidi, ndivyo raia wengi wanavyobaki mahali pa farasi mbele ya ukuta wa amri.

Jukumu hilo haliwezi kutupiwa wanasiasa peke yao. Vyuo vikuu vimejaa watu wanaojua kusoma vizuri kama nguruwe yeyote. Idara za Kiswahili zina wafasiri, wahariri na walimu ambao wangeweza kumsomea raia ukuta huo kabla gari halijaja, na hatimaye kumfundisha ausome mwenyewe, kama Karama alivyotaka. Wakifanya hivyo, suala la shahada ya kiongozi litapungua uzito wake, kwa maana mtahini atakuwa amerejea katika chumba cha mtihani. Wasipofanya hivyo, hata bunge lililojaa madaktari wa falsafa halitamnusuru farasi.